Je, Wajua? Masikio ya Profesa, kutoka Nyeri hadi njia panda ya Kilolo

Je, wajua kwamba sauti ya ndugu yako unayoisikia kwenye simu siyo sauti yake hasa? Mfumo wa kwanza wa sauti wa simu za GSM uliyakata maneno ya mtu katika vipande vya milisekunde 20. Katika kila kipande ulipima koo na mdomo vimekaaje, ukatuma vipimo hivyo pamoja na masalia kidogo ya sauti, na simu ya upande wa pili ikaiunda sauti upya. Ndiyo maana biti 13,000 kwa sekunde zilitosha, wakati simu ya mezani ya kidijitali ilihitaji 64,000. Kwa hiyo ukisimama Ipogolo, mjini Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ukampigia mama aliyeko Mafinga, kinachomfikia ni maelezo ya sauti yako. Lori likipiga honi nyuma yako, simu hujaribu kuieleza honi hiyo kana kwamba imetoka kwenye koo la binadamu. Matokeo yake umeshayasikia.

Wajua kwa nini kwenye simu tunalazimika kusema "S ya sukari, F ya Fatuma"? Simu ya kawaida huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kanuni ya kuchakata mawimbi inasema huwezi kunasa mtetemo wowote unaozidi nusu ya idadi hiyo. Sehemu kubwa ya nguvu ya herufi S iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Inakatwa njiani. Kinachobaki cha S na kinachobaki cha F ni mapacha.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya magurudumu ya gari kwenye sinema yaonekane yanarudi nyuma huku gari linakwenda mbele. Kamera ya sinema hupiga picha 24 kwa sekunde, spoki za gurudumu hupita upesi kuliko kamera inavyoweza kuzifuata, na jicho linadanganywa.

Na je, wajua kwamba mtu aliyetuachia msingi wa hesabu hizi aliwahi kufanya kazi Cairo? Joseph Fourier, Mfaransa, alifuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri mwaka 1798 na akawa katibu wa taasisi ya wasomi iliyoanzishwa huko. Baadaye, akichunguza jinsi joto linavyosambaa, alidai kwamba wimbi lolote, hata liwe limevurugika namna gani, linaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini. Wakubwa wa hesabu wa Paris waliukataa uthibitisho wake wa mwaka 1807. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Njia ya haraka ya kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta, ambayo leo imo ndani ya karibu kila simu, ilichapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965.

Tuje kwa mtu wetu.

Je, wajua kwamba mmoja wa maprofesa wanaojulikana sana Afrika Mashariki kwa kuunganisha uchakataji wa mawimbi na ujifunzaji wa mashine yuko Nyeri, chini ya Mlima Kenya? Anaitwa Ciira wa Maina. Anafundisha uhandisi wa umeme na elektroniki katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na ndiye kiongozi wa kituo chao cha sayansi ya data na akili unde. Msomaji wa Iringa atauliza Mkenya wa Nyeri ana habari gani na Ipogolo. Anayo, na tutaifikia tukichukua barabara ya Kilolo.

Safari yake ya elimu ni fupi kuisimulia. Shahada ya uhandisi wa umeme aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2007. Miaka minne baadaye, 2011, akamaliza uzamivu katika Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia. Kisha akaenda Sheffield, Uingereza, kwa utafiti, na baada ya hapo akarudi Kenya kufundisha. Ukiitazama hivyo ni wasifu kama wasifu wowote wa mwalimu wa chuo. Utamu uko katika alichokuwa anakisikiliza kila alipohama.

Huko Philadelphia alisikiliza binadamu. Swali lake lilikuwa hili: kompyuta ikipewa sauti ya mtu iliyochanganyika na kelele, je, iisafishe kwanza ndipo imtambue msemaji, au imtambue msemaji kwanza ndipo isafishe? Jibu lake na msimamizi wake, katika makala iliyotoka mwaka 2011, ni kwamba kazi hizo mbili zifanywe kwa pamoja. Mama sokoni humsikia mwanawe akiita katikati ya makelele kwa sababu tayari anaijua sauti yake. Kumjua kunasaidia kusikia, na kusikia kunathibitisha kumjua. Kompyuta nayo ikijua sauti za watu kadhaa, hubahatisha ni nani, hutumia bahatisho hilo kupunguza kelele, kisha hurudi kulirekebisha bahatisho. Inazunguka hivyo mpaka inatulia.

Hesabu za kubahatisha na kurekebisha zina baba yake, naye alikuwa mchungaji wa kanisa. Thomas Bayes alifariki mwaka 1761 bila kuichapisha kazi hiyo. Rafiki yake ndiye aliyeikuta kwenye makaratasi yake, ikatolewa mwaka 1763. Leo huwezi kufungua kitabu cha ujifunzaji wa mashine bila kukutana na jina la mchungaji huyo, hata kama mahubiri yake hakuna anayeyakumbuka.

Sheffield hali ikageuka. Hapo Ciira aliacha sauti za watu akaanza kusikiliza jeni. Ndani ya seli kuna mashine ndogo ya kibiolojia inayotembea juu ya jeni ikiisoma. Ukiiamsha seli kwa homoni, mashine hizo huanza safari kutoka mwanzo wa jeni, na mwisho wa jeni huzipata baada ya muda fulani. Watafiti walipima seli za saratani ya matiti kwa vipindi, wakapata vipimo vichache vyenye kelele nyingi. Kwa mtu wa mawimbi, hilo ni tatizo analolijua vizuri: ishara moja imeonekana mahali pawili kwa nyakati tofauti, tafuta ucheleweshaji wake, utapata mwendo. Makala yenyewe, ambayo Ciira ndiye mwandishi wake wa kwanza, ilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLoS Computational Biology.

Hapa pana kipande cha Afrika ambacho wengi hukipita. Hesabu walizotumia kujaza mapengo kati ya vipimo vichache, zile zinazobeba jina la Gauss, zina ndugu yao wa damu katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mhandisi wa migodi Danie Krige alitaka kujua kuna dhahabu kiasi gani katikati ya mashimo machache yaliyochorongwa, na mwaka 1951 akaandika tasnifu ya uzamili kuhusu jambo hilo Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wanajiolojia wakaipa njia yake jina la Krige. Watu wa akili unde waliifikia hesabu hiyohiyo kwa barabara nyingine, na leo wanaitumia kila siku.

Halafu Nyeri, na ndege.

Je, wajua kwamba kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki, ikifungwa maikrofoni na kuachwa msituni, inaweza kufanya zamu ya mwangalizi wa ndege usiku na mchana? Ciira na wenzake walitengeneza vinasa vya namna hiyo kwa vifaa vya bei nafuu na kuvijaribu katika maeneo ya Mlima Kenya. Mmoja wa ndege waliowatafuta ni shorobo wa Hartlaub, ndege wa misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, ambaye sauti yake utaisikia kabla hujamwona, na mara nyingi humwoni kabisa. Kazi ya kompyuta ni kusikiliza saa nyingi za rekodi na kusema: hapa alilia, hapa hakulia. Hesabu zilizokuwa zinamtafuta msemaji kwenye kelele sasa zinamtafuta shorobo kwenye upepo.

Shorobo huyo ana jambo jingine. Wekundu wa mabawa ya jamii yake unatokana na rangi yenye madini ya shaba, na ukijani wao ni rangi halisi. Kwa ndege wengine wengi ukijani ni manjano iliyochanganyika na mchezo wa mwanga ndani ya manyoya.

Wajua kuhusu mkutano wa Nyeri? Juni 2015, chuo hicho cha Dedan Kimathi, ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka mitatu tangu kipate hadhi ya chuo kikuu kamili, kilipokea mafunzo ya kwanza ya Data Science Africa. Miongoni mwa walioyaanzisha alikuwemo Ciira, pamoja na Neil Lawrence, aliyekuwa profesa wake kule Sheffield na ambaye sasa yuko Cambridge. Mwaka uliofuata mafunzo yakaenda Kampala, na 2017 yakaja Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela. Kwa maoni yangu hili ndilo tendo kubwa zaidi katika kazi yake, kubwa kuliko makala zote. Makala husomwa na wenzako mia mbili ukiwa na bahati. Darasa la wiki moja, mahali ambapo kijana anaweza kufika kwa basi, linazalisha watu watakaoandika makala zao wenyewe.

Na ngazi yenyewe ya uprofesa, kwa wasioijua: kwetu Tanzania mtu hupanda kutoka mhadhiri msaidizi, akawa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, ndipo profesa. Kwa wahandisi kuna ngazi ya pembeni, ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997. Mtu anaweza kuwa profesa wa uhandisi darasani, na bado akahitaji usajili wa bodi ndipo aitwe mhandisi kazini.

Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulisubiri: Mbeya ilipata chuo cha ufundi mwaka 1986, kikawa taasisi mwaka 2005, na kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, mwaka 2012. Mwaka uleule na Dedan Kimathi. Hawa ni wa rika moja.

Haya, tupinde kushoto au kulia kutegemea umetoka wapi, tuchukue barabara ya Kilolo inayoanzia Ipogolo. Mbele huko, upande wa milima ya Udzungwa, kuna msitu wa Ndundulu. Je, wajua kwamba msitu huo mmoja umewapa wanasayansi wanyama watatu ambao vitabu vyao havikuwa navyo, tena kwa njia tatu tofauti?

Wa kwanza alipatikana kwenye sufuria. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chakula cha jioni. Ndege huyo ni kwale wa Udzungwa, aliyetangazwa rasmi mwaka 1994, na jamaa zake wa karibu wanaaminika kuwa huko Asia.

Wa pili alinaswa na kamera ya kutega mwaka 2005: sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2008, na jina hilo limebeba neno Udzungwa.

Wa tatu ni kipunji, nyani wa mitini mwenye shungi kichwani. Huyu aligunduliwa mara mbili. Wawindaji wa Kinyakyusa wa Mlima Rungwe walikuwa wakimzungumzia, watafiti wakafuata maneno yao kuanzia mwaka 2003. Kundi jingine likamwona Ndundulu mwaka 2004 bila kujua habari za wenzao. Wakatangaza kwa pamoja katika jarida la Science mwaka 2005. Mwaka mmoja baadaye ikaonekana hafanani vya kutosha na nyani yeyote, akapewa jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika tangu mwaka 1923. Na moja ya mambo yaliyomtofautisha ilikuwa sauti. Jamaa zake wengine hupiga mlio mrefu wa kupanda unaoishia kwa kubwata. Yeye hutoa mlio mfupi mzito, nusu honi nusu mbweko.

Sasa umeona kwa nini nilimleta Ciira huku. Mnyama anayeishi juu ya miti, kwenye ukungu, mwoga wa watu, ambaye sauti yake haifanani na ya mwingine: hiyo ni kazi ya maikrofoni na kompyuta ndogo kabla haijawa kazi ya miguu. Ugumu ni kwamba kompyuta haijifunzi kutoka hewani. Mtu lazima akae na rekodi, asikilize, aandike hapa kipunji, hapa mbega, hapa msumeno wa mbao. Mtu anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi hayuko Philadelphia. Yuko Kilolo na Rungwe, na huenda hana hata cheti cha kidato cha nne.

Wajua kazi ya kuandika majina inavyochosha? Serengeti wanaijua. Mradi wao wa kamera 225 ulikusanya picha milioni 3.2, zikapelekwa kwa maelfu ya watu wa kujitolea duniani kote waseme huyu nyumbu, huyu fisi. Mwaka 2018 watafiti wakaonyesha kwamba kompyuta iliyofunzwa kwa majibu hayo ingeweza kuzitaja zaidi ya asilimia 99 ya picha hizo kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawa na watu. Walipiga hesabu kwamba ingeokoa zaidi ya miaka minane ya kazi ya mtu mmoja. Nyeri nao, katika hifadhi iliyo mali ya chuo, wamekusanya picha za kamera za kutega, wakaziandikia majina na kuziachia hadharani kwa yeyote anayetaka kujifunza.

Fupi mbili za barabarani. Kila basi la mikoani linalopita Ipogolo lina kifaa cha kufuatilia mwendo, kile kinacholia dereva akizidisha. Kinategemea GPS, na mawimbi ya GPS hufika ardhini, kutoka kilomita 20,200 juu, yakiwa dhaifu kuliko kelele za kawaida za redio. Kipokezi huyafukua kwa sababu kinajua mapema umbo lake. Na huko Kampala vihisio vya mradi wa AirQo, wa Chuo Kikuu cha Makerere, vinapima moshi wa mjini, vingine vikiwa vimefungwa kwenye bodaboda. Profesa anayeuongoza ana jina la kwanza Engineer. Engineer Bainomugisha, ni jina lake, siyo cheo, na fani yake ni sayansi ya kompyuta.

Je, wajua jinsi ya kupima mto kwa mwangwi? Kifaa hufungwa chini ya daraja, hutoa mlio usiosikika kwa binadamu, husubiri urudi kutoka kwenye maji. Sauti hukimbia takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mto ukijaa sentimita 17, mwangwi unawahi kwa milisekunde moja tu. Kundi la Nyeri limefunga vifaa vya kupima kina namna hii katika mito ya kwao, vikituma vipimo kwa redio ya umeme mdogo.

Ruaha Mdogo, unaopita jirani na Ipogolo na kuwapa watu wa Iringa maji, unaishia katika Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Ruaha Mkuu wenyewe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, umekuwa ukikauka msimu wa kiangazi tangu mwaka 1993. Makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yako hapahapa Iringa. Sioni mahali pazuri zaidi pa kumpeleka mwanafunzi wa mawimbi anayetafuta mada ya tasnifu.

Hifadhi ya Ruaha ina tembo, na tembo wana mengi. Milio yao mingi iko chini sana, chini hata ya mitetemo 20 kwa sekunde ambapo sikio letu linaanzia. Katy Payne aliugundua mtikisiko huo mwaka 1984 akiwa amesimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama huko Marekani: aliuhisi kifuani kuliko kuusikia. Mwaka 2024 watafiti waliokuwa na rekodi 469 kutoka Amboseli na Samburu waliifunza kompyuta kukisia mlio fulani ulikuwa unamwita tembo yupi. Ikapatia mara 27.5 kwa mia. Inaonekana ni kidogo, lakini tembo walioitwa walikuwa 117. Kubahatisha tu kungetoa matokeo duni zaidi kwa mbali. Tena tembo walipochezewa mlio uliokuwa wao, walisogea upesi kuliko walipochezewa wa mwenzao. Kwa maneno mengine, inaelekea tembo wanaitana majina.

Wafugaji wa Ifunda na Ihemi, hii yenu: je, mwajua kwamba kinyesi cha kuku ni data? Dina Machuve na wenzake wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walipita kwenye mabanda ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kati ya 2020 na 2021 wakipiga picha vinyesi kwa simu. Kompyuta ikafunzwa kutofautisha kuku mzima na mwenye mdondo, mwenye kuhara damu au mwenye salmonela. Programu ndogo inayoweza kukaa ndani ya simu ilifikia usahihi wa asilimia 98 kwenye picha za majaribio. Banda halisi saa kumi na mbili asubuhi ni mtihani mgumu kuliko picha za majaribio, hilo watafiti wanalijua kuliko mimi. Mwenzake wa taasisi hiyohiyo, Neema Mduma, alifanya uzamivu kuhusu kutabiri mwanafunzi gani yuko katika hatari ya kuacha shule, kwa kutumia takwimu za Uwezo, kabla ya kugeukia magonjwa ya migomba.

Muhogo nao. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani, Usambara. Miaka 81 baadaye, 2017, ilichapishwa kazi iliyoifunza kompyuta kuutambua kwenye majani, kwa picha zaidi ya 2,700 kutoka mashamba ya Tanzania. Kazi hiyo ikazaa Nuru, programu ya simu inayozungumza Kiswahili na isiyohitaji intaneti shambani. Makerere nao waliachia picha zaidi ya 21,000 za mihogo ya Uganda, wakazitupa uwanjani kwa mashindano ya dunia nzima.

Ya mwisho ni ya sauti tena. Mwaka 2022 kampuni moja kubwa ya Marekani ilitoa mfumo wa kuandika maneno yanayosemwa, uliofunzwa kwa saa 680,000 za rekodi. Kati ya hizo, Kiswahili kilichosemwa na kuandikwa kwa Kiswahili kilikuwa chini ya saa 10. Lugha ya watu kwa makumi ya mamilioni, saa zisizojaza hata zamu moja ya dereva wa lori kutoka Ipogolo hadi Tunduma na kurudi. Uhaba wa namna hii ndio uliofanya mradi wa Common Voice wa Mozilla uanze kukusanya Kiswahili tangu mwaka 2021, kwa sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi kwenye simu au kompyuta zao. Lafudhi ya Iringa inakaribishwa kama ya Mombasa. Kila sentensi iliyosomwa lazima isikilizwe na watu wengine wawili na kukubaliwa nao ndipo iingie kwenye hazina, na hazina yenyewe ni bure kwa yeyote, awe profesa wa Nyeri au mwanafunzi wa mwaka wa pili pale MUST.